Milimita Kumi za Hewa

Chukua sumaku mbili za spika iliyokufa. Zielekeze pande zinazosukumana, kisha jaribu kuifanya moja ielee juu ya nyingine. Itateleza pembeni, itajigeuza, halafu tap! zimenasana. Jaribu tena. Ukipitisha kalamu katikati ya matundu yake, ya juu itaelea, sawa, lakini ni kwa sababu kalamu inaizuia isikimbie. Toa kalamu na umerudi pale pale. Unaweza kukesha ukijaribu, ubadilishe sumaku, uongeze tatu pembeni uzipange kama mafiga, na bado haitakubali.

Shida si mikono yako. Mwaka 1842 ilichapishwa makala ya Samuel Earnshaw, mwanahisabati Mwingereza ambaye pia alikuwa kasisi, na ndani yake kulikuwa na hesabu inayoeleza kwa nini haiwezekani. Yeye hata hakuwa anawaza vitu vinavyoelea. Alikuwa anahangaika na etha, kile kitu ambacho wanasayansi wa enzi hiyo waliamini kimejaa ulimwengu mzima na ndicho kinachobeba mwanga, na alitaka kujua chembe zake hushikiliwa na nguvu za aina gani. Akakuta kwamba ikiwa nguvu hupungua kwa mraba wa umbali, chembe haiwezi kutulia popote: ukiipangia itulie juu na chini, itakimbia pembeni, ukiibana pembeni, itakimbia juu au chini. Ni kama kuweka gololi juu ya tandiko la punda. Etha yenyewe baadaye ilitupwa jaani. Hesabu ikabaki.

Kuna mianya, kama sheria yoyote. Vitu kama grafaiti na bismathi husukumwa na sumaku, ingawa kwa nguvu hafifu sana, na mwaka 1939 Mjerumani Werner Braunbek alionyesha kwamba hivyo vinaweza kuelea bila msaada. Lakini hapo tunaongea vipande vidogo vya mezani. Ukitaka behewa la treni lielee, au chuma cha tani nzima kinachozunguka ndani ya kompresa, itabidi uizunguke sheria kwa njia nyingine. Earnshaw aliongea juu ya nguvu zilizotulia. Basi usizitulize. Tumia sumaku ya umeme, na uibadilishe kila mara kulingana na kile kitu kilipo sasa hivi. Swali ni: nani ataiambia sumaku kile kitu kiko wapi?

Ndio historia ninayotaka kusimulia. Hadithi za treni zinazoelea huwa ni hadithi za sumaku na kasi, picha ya pua ndefu nyeupe inayopita kama mshale, halafu basi. Kile kifaa kidogo kinachopima umbali hakipigwi picha. Kwa Kiswahili wengine hukiita sensa, ila hapa Kenya ukisema sensa watu wanadhani umekuja kuuliza ni wangapi walilala kwa nyumba usiku wa jana. Nitakiita kihisi.

Fikiria unasimamisha ufagio kwenye kiganja, fimbo ikiangalia juu. Macho yako hayaangalii mkono, yanaangalia ncha. Ncha ikianza kwenda kushoto, mkono unaifuata kushoto. Sasa fumba macho. Nguvu ya mkono haijapungua hata kidogo, na bado ufagio unaanguka. Kuning'iniza chuma chini ya sumaku ya umeme kuko hivyo hivyo, ila hapa kosa hukua haraka zaidi, kwa sababu umbali ukipungua nusu, mvuto unakuwa takriban mara nne. Chuma kikisogea juu kidogo kinavutwa zaidi, kwa hiyo kinasogea zaidi, na mwisho kinagonga sumaku. Kikishuka kidogo, mvuto unapungua na kinadondoka. Katikati kuna mahali pembamba pa kutulia ambapo hapakaliki bila macho. Na macho hayo lazima yajue mambo mawili: kitu kiko wapi, na kinaenda upande gani kwa kasi gani. Ukijua mahali tu bila kasi, utasahihisha kwa kuchelewa, utapitiliza, urudi, upitilize tena, hadi kila kitu kitetemeke kama matatu yenye shoki zilizokufa.

Mtu wa kwanza kulichukulia jambo hili kama kazi ya maisha alikuwa mhandisi Mjerumani, Hermann Kemper. Alianza kuwaza treni isiyo na magurudumu mwaka 1922, na hataza yake ni ya tarehe 14 Agosti 1934. Hitler alikuwa tayari madarakani na vita vilikuwa njiani, kwa hiyo usitarajie kwamba treni ilijengwa. Lakini Kemper alijenga kitu: sumaku ya umeme iliyobeba kilo 210 ikiwa na nafasi ya milimita 15 ya hewa, kwa umeme wa wati 250. Pasi ya nyumbani inakula zaidi ya hapo. Transista ilikuwa bado haijavumbuliwa, kwa hiyo ukuzaji wa ishara ulifanywa na vali za kioo, zile zinazowaka kama balbu. Kupima umbali, alitegemea mabadiliko madogo ya umeme yanayotokea chuma kinaposogea karibu na koili au bamba. Mimi naona hicho ndicho kitu kikubwa katika kazi yake. Sumaku za kunyanyua vyuma zilikuwepo zamani, kila uwanja wa vyuma chakavu ulizijua. Sumaku inayonyanyua bila kugusa, halafu inaacha kunyanyua kabla haijagusa, hiyo ilikuwa mpya.

Miaka hiyo hiyo, ng'ambo ya bahari, kulikuwa na mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Virginia ambaye hakutaka treni yoyote. Jesse Beams, aliyezaliwa Kansas mwaka 1898, alitaka kuzungusha vitu. Alitaka vizunguke kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia, ili atenganishe vimiminika, molekuli, na baadaye hata aina za urani, kwa uzito wao. Adui wake walikuwa wawili: hewa na beringi. Hewa unaweza kuinyonya ubaki na ombwe. Beringi ndiyo ngumu. Mtu yeyote aliyewahi kupeleka mota kusukwa anajua kwamba waya zinaungua, sawa, lakini mara nyingi kilichoanza ni beringi. Fundi mmoja wa kusuka mota pale Kirinyaga Road hushikiza ncha ya bisibisi kwenye mota inayozunguka, mpini kwenye sikio, na anakuambia, "Kijana, hii imebakisha wiki mbili." Chuma kinachosuguana na chuma kina siku zake.

Kwa hiyo Beams na mwenzake Fred Holmes walitoa beringi kabisa. Mwaka 1937 walikuwa wameshachapisha matokeo ya rota iliyoning'inia chini ya sumaku ya umeme bila kushikwa na kitu. Muundo ambao Beams aliendelea kuuboresha kwa miaka mingi ni rahisi kuusimulia. Kuna gololi ya chuma ndani ya kioo kilichonyonywa hewa. Juu yake, nje ya kioo, kuna sumaku ya umeme. Chini yake kuna koili ndogo, sehemu ya sakiti iliyopangwa kwa masafa fulani kama redio. Gololi ikishuka inaikaribia koili, sakiti inavurugika kidogo, na vurugu hiyo inakuzwa na kupelekwa kwenye sumaku: vuta zaidi. Ikipanda, vuta kidogo. Pembeni haikuhitaji kihisi, kwa maana gololi hujipeleka yenyewe mahali uga una nguvu zaidi, yaani katikati. Lakini ilikuwa inayumba kama pendulo, na ndani ya ombwe hakuna kitu cha kutuliza kuyumba. Dawa yao ilikuwa ya jua kali kabisa: kiini cha chuma cha ile sumaku ya juu kilining'inizwa kwa waya ndani ya mafuta. Gololi ikiyumba, inavuta kiini, kiini kinasukuma mafuta, mafuta yanameza mwendo wote.

Kisha wakaizungusha kwa uga wa sumaku unaozunguka, kama mota ya kawaida. Mwaka 1946 Beams na wenzake waliripoti gololi ndogo zisizofika milimita moja kwa upana zikizunguka zaidi ya mara 300,000 kwa sekunde. Kwa sekunde, si kwa dakika. Ukingo wa chuma ulikuwa unasafiri karibu kilomita moja kila sekunde huku gololi ikiwa imekaa mahali pamoja. Kilichowazuia kuendelea hakikuwa msuguano. Gololi zilikuwa zinapasuka. Chuma chenyewe kilishindwa kujishikilia, na Beams akageuza hilo kuwa kipimo cha nguvu ya chuma.

Na ukizima umeme wa kuzungusha ukaacha ule wa kuning'iniza tu, gololi inaendelea kuzunguka kwa muda mrefu sana, kwa kuwa kinachoipunguza kasi ni molekuli chache za hewa zilizobaki. Ukipima inavyopunguza kasi, umejua hewa iliyobaki ni kiasi gani. Beams na wenzake walieleza kipimo hicho mwaka 1962, na hadi leo maabara zinazopima ombwe hutumia vifaa vya ukoo huo.

Wakati wa vita Beams aliongoza kazi ya Marekani ya kutenganisha urani kwa sentrifuji, mitungi mirefu inayozunguka, lakini mradi ulisimamishwa kabla vita havijaisha na urani ya bomu ikapatikana kwa njia nyingine. Hapo historia inachezea watu. Muaustria Gernot Zippe, aliyekuwa ametekwa na Wasovieti, alifanya kazi ile ile Sukhumi, kando ya Bahari Nyeusi, katika timu ya Max Steenbeck. Alipoachiliwa alifika Marekani mwaka 1958, na alienda kujenga upya mashine yake chuo gani? Virginia, kwa kina Beams. Mashine ya Zippe haina kihisi hata kimoja cha kushikilia rota. Juu kuna sumaku ya kudumu inayobeba sehemu ya uzito bila kugusa, na chini mtungi umesimama juu ya ncha ya sindano. Earnshaw hakatazi sindano. Ile kalamu yetu ya mwanzo ndiyo hiyo. Ni suluhisho la bei rahisi, linalodumu, na dunia ya leo yenye hofu ya urani ingekuwa tofauti sana kama sentrifuji ingekuwa inahitaji sakiti ya Beams ili isimame.

Turudi kwa macho. Unaingia mall yoyote Nairobi na askari anakupitishia kile kijiti cheusi, kifuani, mgongoni, mfukoni. Kinalia kwa funguo. Ndani ya kijiti kuna koili inayopitisha umeme unaobadilika haraka haraka. Koili ikikaribia chuma, inaamsha ndani ya chuma hicho mikondo midogo ya kujizungusha, kama maji yanavyojikunja nyuma ya jiwe mtoni. Mikondo hiyo inakula nguvu kutoka kwa koili, na sakiti inahisi kwamba kuna mtu anakula. Mfaransa Léon Foucault ndiye aliyeielezea mwaka 1855, alipoona kwamba sahani ya shaba ikizungushwa kati ya sumaku inakuwa nzito kuzungusha na inapata joto. Kijiti cha askari kinauliza swali moja tu, ipo au haipo. Ukikijenga kwa uangalifu, kinaweza kujibu swali zuri zaidi: ipo umbali gani.

Aliyekifanya kijibu vizuri kibiashara ni Mmarekani Donald Bently. Alianza katikati ya miaka ya 1950 akiwa Berkeley, California, akiuza vifaa vyake kwa posta, na mwaka 1961 akahamisha kampuni hadi Minden, mji mdogo wa Nevada. Nilipomsoma mara ya kwanza nilimpenda papo hapo; mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na mtu anayeanzisha jambo nje ya darasa huwa ananivutia kuliko profesa. Shida aliyoitatua ilikuwa hii: mashine kubwa kama turbini za mvuke hazizunguki juu ya gololi, mhimili wake unaelea juu ya utando mwembamba wa mafuta. Ukishika ganda la nje usikie mtetemo, unachosikia ni ganda, si mhimili. Bently aliingiza koili ndogo kupitia ganda hadi karibu milimita moja kutoka kwenye mhimili wenyewe. Vikawekwa viwili kila beringi, kimoja kwa pembe ya nyuzi 90 kutoka kwa kingine, na ghafla wahandisi wakaona mhimili unavyocheza ndani ya mafuta, duara, yai, au namba nane ikiwa mambo yameharibika. Viwango vya tasnia ya mafuta vilivyotoka mwaka 1976 viliifanya njia hii kuwa ya kawaida, na kipimo chake hadi leo ni volti 0.2 kwa kila sehemu ya elfu ya inchi. Sehemu ya elfu ya inchi ni milimita 0.0254. Unywele wako pengine ni mnene zaidi.

Lakini angalia tofauti. Kwenye beringi ya mafuta, kihisi kikifa, mashine inaendelea kuzunguka. Umekosa habari tu. Kwenye beringi ya sumaku, kihisi kikifa, rota inaanguka. Ndiyo maana kila mashine ya aina hiyo ina beringi za akiba, za gololi za kawaida, zilizokaa bila kazi zikiwa na nafasi ndogo kuzunguka mhimili, zikingoja siku moja mbaya. Na stima ikipotea? Wanaweka betri, au wanaifanya mota ya mashine yenyewe igeuke jenereta, ili rota inayopunguza kasi ijilishe umeme wa kuelea hadi isimame. Napenda sana hiyo ya pili. Mashine inakula mwendo wake mwenyewe ili isigonge chini.

Beringi hizi zilitoka maabara kwa njia ya anga za juu. Huko mafuta ya kulainisha ni balaa, yanaruka kwenye ombwe na kuchafua vioo, na hakuna fundi wa kupanda kuongeza grisi. Mhandisi Helmut Habermann alizifanyia kazi Vernon, Ufaransa, kwa ajili ya magurudumu ya kuelekeza setilaiti, na mwaka 1976 kazi hiyo ikazaa kampuni, S2M. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa zinashikilia kompresa za kusukuma gesi kwenye mabomba ya Kanada, na mwaka 1988 Gerhard Schweitzer akawaita wote waliozishughulikia kwenye mkutano wa kwanza wa kimataifa, Zürich. Wafaransa, kwa njia, walikuwa na mazoea na jambo hili. Mwaka 1957 Tournier na Laurenceau wa shirika la ONERA walieleza jinsi walivyoning'iniza mfano wa ndege kwa sumaku ndani ya handaki la upepo, ili kusiwe na nguzo ya kuvuruga hewa. Wao walitumia mwanga kama macho: miale inayopita kando ya mfano, na ukisogea unaikata.

Matatizo ya kweli ya kihisi yalijitokeza hapo, kwenye mashine kubwa, na ni matatizo ambayo hukuti kwenye mchoro wa ubaoni. La kwanza: kihisi hakioni rota, kinaona ngozi ya rota. Kuwe na mkwaruzo, au doa ambalo chuma chake kimekuwa na sumaku kidogo, au duara ambalo si duara kamili, na kila mzunguko kihisi kitapiga kelele kwamba rota imeruka. Sumaku inatii. Inaanza kuisukuma rota iliyokuwa imetulia, mara mia kadhaa kwa sekunde, kwa ajili ya mkwaruzo. Kwa hiyo wanasugua sehemu ile inayotazamwa kwa uangalifu kuliko sehemu inayofanya kazi, na wanaweka vihisi viwili pande tofauti, kisha wanachukua tofauti yao.

La pili ni baya zaidi. Kihisi hakiwezi kukaa mahali pale pale sumaku ilipo, hakuna nafasi. Kinakaa kando, sentimita chache. Sasa, mhimili mrefu ukizunguka haraka hujipinda kama kamba ya kuruka, na kama kamba, kuna sehemu zinazopanda wakati nyingine zinashuka, na kati yake kuna vituo visivyosogea. Ikitokea kituo kimoja kiko kati ya kihisi na sumaku, kihisi kinasema "tumepanda" wakati pale kwenye sumaku mhimili umeshuka. Sumaku, mtumishi mwaminifu, inavuta chini. Kila agizo sahihi linaongeza ubaya. Mashine inajipiga yenyewe kwa habari za kweli zilizotoka mahali tofauti kidogo.

Treni ziliendelea na safari yake. Uwanja wa ndege wa Birmingham, Uingereza, ulifungua mwaka 1984 njia ya mita 600 hivi, kutoka uwanjani hadi stesheni ya reli, behewa likielea milimita 15 na kutambaa kwa kasi ya boda boda, kilomita 42 kwa saa. Ilikuwa ya kwanza duniani ya kibiashara. Mwaka 1995 ikafungwa. Elektroniki zake zilikuwa zimezeeka na spea hazipatikani. Sumaku haizeeki hivyo. Waya wa shaba hauzeeki hivyo. Kilichozeeka ni macho na ubongo. Mmoja wa mabehewa sasa uko Peterborough, kwenye jumba la makumbusho ya reli, juu ya ardhi.

Wajerumani waliendeleza wazo la Kemper likawa Transrapid. Treni hiyo hukumbatia njia yake: mikono ya behewa inapita chini ya reli, na sumaku zilizo kwenye mikono hiyo zinajivuta kwenda juu, hadi milimita kumi hivi kutoka kwenye chuma, na hapo zinashikiliwa. Vihisi vyake vinasoma chuma chenye meno na mabonde, maana ni mota iliyonyooshwa, kwa hiyo vimejengwa kwa namna ya kupuuza meno na kuona wastani. Kwenye kasi ya kilomita 400 kwa saa, meno hayo yanapita mbele ya kihisi kwa kasi ya mita 111 kila sekunde. Shanghai ilinunua. Njia yake ya kilomita 30 ilijengewa kufika kilomita 431 kwa saa. (Wajapani walikwenda njia nyingine, sumaku zilizopozwa kwa baridi kali na mwendo wenyewe ndio unaonyanyua treni, karibu sentimita kumi. Haihitaji macho ya aina hii. Inahitaji magurudumu hadi ipate kasi.)

Huko Emsland, kaskazini mwa Ujerumani, kulikuwa na njia ya majaribio ya kilomita 31.5. Asubuhi ya tarehe 22 Septemba 2006, karibu na kijiji cha Lathen, treni iliondoka ikiwa na watu ndani huku gari la matengenezo, lile linalopita kila asubuhi kusafisha njia, likiwa bado juu ya njia hiyo hiyo. Waliokuwa kituo cha udhibiti walikuwa wamelisahau. Treni ililigonga ikienda karibu kilomita 170 kwa saa. Watu 23 wakafa.

Nimesoma kuhusu asubuhi hiyo mara nyingi na kila mara nakwama mahali pamoja. Hadi dakika ile, kila kihisi kilikuwa kinafanya kazi yake. Treni ilijua, maelfu ya mara kwa sekunde, kwamba iko milimita kumi kutoka kwenye chuma, ikisahihisha makosa madogo kuliko unywele. Na mbele, juu ya saruji, palikuwa na gari zima. Hakuna aliyekuwa ameipa treni jicho la kutazama mbele. Mfumo wa usalama ulifuatilia treni, na gari la matengenezo halikuwa treni. Lilifuatiliwa na binadamu, kwa redio na karatasi. Kesi ilienda mahakamani na wakapatikana wenye hatia, watu. Mradi wa kuunganisha Munich na uwanja wake wa ndege ulifutwa mwaka 2008, sababu iliyotajwa ikiwa gharama. Njia ya Emsland nayo ilifungwa.

Wakati huo wote, kuna waliokuwa wanajiuliza kama kihisi kinaweza kuondolewa kabisa. Dieter Vischer, kwenye tasnifu yake ya mwaka 1988 huko ETH Zürich, alionyesha kwamba ndiyo, kwa namna fulani. Chuma kinaposogea mbele ya sumaku ya umeme, umeme ndani ya koili ya sumaku hiyo hiyo unabadilika kidogo. Ukiusikiliza kwa makini unaweza kukisia chuma kiko wapi. Mkono unakuwa jicho. Inapunguza waya, inapunguza gharama, na linamaliza lile tatizo la kihisi kukaa mbali na sumaku. Bado mashine nyingi kubwa zinatumia vihisi, na ukiniuliza naona wana haki. Mkono unaovuta kwa nguvu zote hauhisi vizuri kwa wakati huo huo.

Mahali ambapo haya yote yamefika padogo kabisa ni ndani ya kifua cha mtu. Pampu inayoitwa HeartMate 3 iliidhinishwa Ulaya mwaka 2015 na Marekani mwaka 2017, kwa watu ambao moyo wao umechoka kusukuma damu. Ndani yake kuna rota inayoelea kwa sumaku, na vihisi vinavyopima iko wapi, na damu inapita pande zote za rota bila kukutana na beringi. Msuguano kwenye damu huponda seli na kuzalisha mabonge. Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2018, baada ya miaka miwili, wagonjwa waliorudishwa chumba cha upasuaji kwa sababu pampu imeharibika walikuwa asilimia 1.6 kwa pampu hii, na asilimia 17 kwa ile ya zamani iliyolinganishwa nayo, ambayo rota yake inakaa kwenye beringi.

Mwenye pampu hiyo mara nyingi hana mapigo unayoweza kuyashika mkononi. Daktari akiweka kifaa kifuani anasikia mvumo. Waya mmoja unatoka tumboni kupitia ngozi hadi kwenye kifaa cha kudhibiti kilichofungwa kiunoni, na kutoka hapo hadi betri mbili, ambazo mgonjwa huzivaa popote anapoenda. Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani hufundishwa, yeye na mtu anayeishi naye, jinsi ya kuzibadilisha: moja kwanza, subiri, halafu nyingine. Kamwe si zote mbili kwa pamoja.